Msiongeze Sakafu Chumba cha Juu

Sogeeni, wanangu, na wewe Ghita, mke wa Mekki, acha kunong'ona mlangoni kwamba ni homa inayosema, maana homa ninayo na akili ninayo, na pumzi iliyobaki sitaki kuimalizia kwenye ubishi. Mekki, kaa. Bouchta, waambie wachukuzi na punda wao wangoje kichochoroni. Asubuhi wamepandisha masanduku kumi na mawili ya marumaru. Nililia, mkasema naweweseka. Lisipande hata moja tena. Zhor binti yangu, niinue kidogo.

Wiki nzima nawasikia mkivutana juu ya sakafu ya chumba cha juu, atakamoingia mke wa Bouchta Alhamisi. Bouchta anataka marumaru kama ya wakwe zake. Zhor anataka mbao. Mekki, bahili wangu, ana plastiki yake ya kukunjua kama mkeka. Mnaniuliza mimi niliyetandika vigae miaka sitini hapa Fes. Basi sikieni. Marumaru ni ya uani, penye ardhi ya kuibeba. Plastiki ni nyepesi, lakini hufungia unyevu, na mti usiopumua huoza kimyakimya. Mbao zetu ni za mwerezi, mti mwepesi, una joto wakati wa baridi, na unalia ukiukanyaga. Heri ulie, maana mti husema kabla ya kuvunjika. Kigae hakisemi. Mimi mtu wa vigae nasema wekeni mbao, na ulimi unaniuma kusema hivyo.

Lakini hata mbao zisubiri. Mnajua kwetu bi harusi hakanyagi sakafu ya bi harusi mwenzake. Marehemu mama yenu Batoul alitandikiwa humo juu matofali ya kuchoma. Ghita alipoolewa nilitaka kuyang'oa, mama yenu akanishika kanzu: "Thami, unanipa talaka na uzee huu?" Nikayaacha, nikamwaga chokaa na mchanga juu yake, nikatandika vigae vya Ghita. Ayyad, fundi mwenzangu, akasema, "Boriti zimechoka, Thami." Nikamjibu mbele za watu arudi kukoroga chokaa, ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Miaka kumi na saba hajakanyaga hapa. Nilimdhulumu, na alisema kweli.

Tazameni dari juu ya kitanda changu, pale penye ua la jasi. Pale pana ufa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba, wanangu, mara tano niliuziba, nikachora maua juu yake, asije mtu akasema nyumba ya fundi Thami imepasuka. Boriti ikishuka unene wa ukucha, jasi hukatika. Ile ya kwanza ilidumu miaka minne. Ya mwisho niliipaka Shaabani, kwa miguu hii iliyovimba, na leo mchana imekatika, unga wake ukanimwagikia ndevuni. Zhor, ulinifuta ukadhani ni uji. Nilinyamaza kwa kiburi, na sasa naogopa, naogopa kuliko kufa.

Nyamazeni! Hao watoto, wamerudi kutoka shule. Wanapanda. Wanakwenda kuyaona marumaru! Ee Mola wangu, wanarukaruka. Majuto ni mjukuu, na yangu ni wajukuu watatu juu ya kichwa changu. Mekki, kimbia, lakini ukifika juu tembea, pita kando ya ukuta, uwatoe mmoja mmoja. Nenda, mwanangu, utanitazama baadaye!

Bouchta, harusi ifanyieni kwa jirani. Wakwe wakikasirika, wanitukane mimi. Kamwite Ayyad, mpe nyundo yangu iwe yake, mwambie Thami anaomba radhi, aje ategemeze boriti, ang'oe sakafu zote mbili mpaka mti uonekane. Ghita, usilie, kung'oa vigae si kukuacha. Mama yenu nitamwomba msamaha mwenyewe. Nyumba ni yenu watatu, na Zhor asinyimwe fungu lake.

Wameshuka? Watatu wote? Alhamdulillahi. Watoeni uani. Mimi msinibebe, tokeni kwanza nyinyi. Mungu awape... awape usingizi wa amani, na ulimi wa kusema mapema. Nimewaridhia.

Unga huu... unaniangukia tena machoni. Na hizo nyayo juu, nzito, ni za nani? Mekki bado yuko huko? Anayashusha masanduku? Aache! Zhor, mwite kaka yako. Mwite wewe, binti yangu. Sauti yangu haifiki.