Rangi za San Ramón: Maisha ya Mwalimu Obdulia Quiles Maldonado (1936–2014)

Wapendwa mliokuja kumsindikiza dada yangu, wengine kutoka Arecibo na Ponce, nawashukuru. Kazi ya kusoma maisha yake imeniangukia mimi, Efraín, mdogo wake, mwenye duka la rangi karibu na uwanja wa mji. Najua marehemu angeguna. Karibu miaka arobaini na mitano alihubiri kwamba rangi inayobanduliwa bila kuuliza ni dhambi, na kabla ya hapo alihubiri kwamba rangi mpya ni dhambi, na muda wote huo mimi nimelisha watoto wangu kwa kuuza rangi mpya na dawa ya kuibandua. Tulipendana hivyohivyo.

Mwalimu Obdulia alizaliwa tarehe 9 Aprili 1936 katika kitongoji cha Caonillas, hapa Utuado, mtoto wa pili wa Don Anselmo Quiles, mkulima wa kahawa, na Doña Rosenda Maldonado. Dada yetu mkubwa ni Blasina, aliyeketi hapo mbele. Mimi, kitinda mimba, nilifunga mlango. Marehemu alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, majirani wa bondeni walihamishwa kupisha bwawa, na katika vitu walivyoacha nyuma aliokota sanamu ya mtakatifu, ya mbao, haina mikono, imeliwa na mchwa hadi kiunoni. Mama alimwambia aitupe. Akaificha chini ya kitanda tulicholala pamoja. Niliiona siku hiyohiyo nikanyamaza, na naomba hilo lihesabiwe upande wangu. Mpaka leo hakuna ajuaye ni mtakatifu gani, lakini ndiye nambari moja katika mkusanyiko wa marehemu.

Alisoma shule ya msingi Caonillas, akatembea kwa miguu mpaka mjini kwa masomo ya sekondari, na mwaka 1957 alihitimu ualimu wa sayansi kimu Chuo Kikuu, Río Piedras. Alirudi Utuado mwaka huohuo akafundisha hapa miaka thelathini na mmoja, mpaka alipostaafu mwaka 1988. Nusu ya wanawake walio katika kanisa hili aliwafundisha kushona zipu. Nusu nyingine aliwafumulia zipu akawaambia waanze upya.

Tarehe 18 Juni 1960 alifunga ndoa na Don Gumersindo Torres, mpima ardhi, katika kanisa hilihili. Walikaa pamoja miaka arobaini na mmoja, kwa amani, ukiacha suala la sanamu. Miaka ile wanunuzi kutoka San Juan na ng'ambo walikuwa wakipita vitongojini wakiwapa wazee watakatifu wapya wa plasta, wenye mashavu mekundu, na kuondoka na wale wa mbao waliochongwa na babu zetu. Marehemu hakuvumilia. Kila Jumamosi alipanda milimani kuwatangulia. Sanamu zikajaa sebuleni, zikaingia chumbani, mwishowe zikafika jikoni. Siku moja Don Gumersindo alikuja dukani kwangu na chupa ya ramu kwapani, akaomba anywee kwangu.

"Kwako kuna nini?" nikamuuliza.

"Kwangu nikifungua chupa, watu mia na ishirini wananitazama, na wote ni watakatifu."

Hawakujaliwa mtoto. Nasema hivyo kwa sababu ya hadithi ninayotaka kusimulia sasa, ambayo marehemu mwenyewe aliniagiza niisome leo, bila kumpunguzia.

Mwaka 1964 Doña Eufemia Collazo wa kitongoji cha Ángeles, ambaye namshukuru Mungu yuko nasi hapa, alihamia New York na mumewe na watoto wao saba. Alimwachia marehemu San Ramón wake, mtakatifu wa wajawazito na wakunga, sanamu ya mwerezi yenye urefu wa kiganja na nusu. Akamwambia, "Nitunzie mpaka nirudi." Mnajua desturi yetu ya milimani: mwanamke akimwomba San Ramón na akajifungua salama, hulipa ahadi kwa kumpaka mkono mpya wa rangi, yaani tabaka zima, juu ya ile ya zamani. Marehemu alilijua hilo tangu utotoni. Nadhani chuo kilimsahaulisha.

Alikuwa amesoma mahali fulani kwamba thamani ya sanamu ya kale iko katika rangi ya mchongaji mwenyewe, na kwamba zilizopakwa juu yake ni uchafu wa watu wasiojua. Mwaka 1966 akaja dukani. Kopo la dawa ya kubandulia rangi nilimpa mimi kwa mikono yangu hii, nikamwonyesha na namna ya kuipaka. Alikwangua wiki sita kwa kisu kidogo cha kuchongea penseli, akifuta kwa matambara na kuyatupa. Chini kabisa alimkuta San Ramón mwingine, mwenye joho jekundu na uso mwembamba wenye haya, mzuri kweli. Tulimsifu sote. Picha yake ilitoka gazetini.

Doña Eufemia alirudi Januari 1971, wiki ya Sikukuu ya Wafalme, wale Mamajusi. Nilikuwepo, nikirekebisha bawaba ya dirisha la dada.

"Ramón wangu yuko wapi, Mwalimu?"

"Huyo hapo mbele yako, Doña Eufemia."

"Huyo simjui."

"Ndiye. Nimemtoa uchafu wote. Hebu mtazame uso ulivyo…"

"Uchafu?" Doña Eufemia hakupandisha sauti. "Njano ilikuwa Luz Neida. Ile ya tofali ilikuwa Carmelo. Nilizaa nikapaka, nikazaa nikapaka, mara saba. Buluu ya juu kabisa ilikuwa Tomás wangu. Tomás nimemzika kule, Mwalimu. Alikuwa na miaka sita. Nimekuja kumwona huku."

Tomás alikuwa amefariki kwa homa ya mapafu mwaka 1966, mwaka uleule wa kile kisu.

Marehemu alimshika San Ramón kwa mikono miwili akamsogezea. "Mchukue, Doña. Tafadhali."

"Nimpeleke wapi? Baki naye. Huyu umemzaa wewe."

Akaondoka. Dada yangu aliketi kwenye kiti cha jikoni na sanamu mapajani, na mimi nikaendelea kukaza skrubu. Tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu, Doña Eufemia akubali kumpokea San Ramón tena. Alilitaka hilo kuliko cheo, na kuliko tuzo zote mbili mnazoziona pale mezani.

Siku ya San Ramón ni tarehe 31 Agosti. Mwaka huo marehemu alimfunga sanamu kwenye taulo akapanda naye Ángeles, na mlango haukufunguliwa. Mwaka 1972 haukufunguliwa. Mwaka 1973 dirisha lilifunguka kidogo.

"Leo hakuna kahawa," Doña Eufemia alisema, na harufu ya kahawa ilikuwa ikitokea hapohapo dirishani.

"Hata mimi nimekunywa nyumbani, Doña. Nimekuja kusalimu tu."

"Umeshasalimu."

Mwaka 1974 alipewa kahawa bila sukari, na kwetu tunaolima kahawa, hiyo ni barua ndefu. Aliinywa yote. Mwaka 1975 sukari ilikuwemo, na kipande cha jibini pembeni. Doña Eufemia akamtazama anavyokula, kisha akasema, "Una kalamu? Andika. Wa kwanza alikuwa Gloria, kijani cha majani ya ndizi, kwa sababu ndiyo rangi iliyobaki baada ya kupaka mlango." Kwa mwaka huo yakaishia hapo. Mwaka uliofuata akampa mtoto wa pili. Kila Agosti mtoto mmoja, rangi moja, na saa ngapi alizaliwa, na mkunga alikuwa nani, na nani alizirai. Tomás alimweka mwisho kabisa. Ilikuwa mwaka 1981, na siku hiyo marehemu alirudi jioni macho yamevimba, hakutaka kula.

Hizo ndizo kadi ambazo wengi wenu mmeziona nyumbani kwake. Baada ya kadi ya San Ramón, alirudi kwa kila familia iliyowahi kumpa sanamu akauliza nani alipaka nini, na kwa nini. Leo sanamu zote 214 zina kadi. Kuna moja inayosema mkono wa tatu, wa kijivu, ulipakwa na Don Fele Marrero baada ya ng'ombe wake kuonekana, na kwamba ng'ombe hakuwa amepotea bali Don Fele alikuwa amelewa. Bwana mmoja mtaalamu alikuja kutoka mjini akaipenda sanamu hiyo sana. "Mwalimu," akasema, "ukiondoa tabaka hizi, chini utapata kazi ya kale, safi kabisa." Marehemu akamjibu, "Nilishawahi kupata. Keti unywe kahawa." Halafu akamsimulia yote haya, bila kujificha, kama alivyowasimulia wanafunzi waliomjia kujifunza kutunza sanamu.

Mwezi Mei 1989 Yesenia, mjukuu wa Doña Eufemia, alipata uchungu siku mbili bila kujifungua. Asubuhi ya siku ya pili Doña Eufemia alisimama mlangoni kwa marehemu, ameshuka mlima mwenyewe, nywele hazijachanwa.

"Nipe Ramón."

Marehemu akaingia ndani. Alimtoa pamoja na taulo lake. Kabla ya jua kuzama mtoto alikuwa amezaliwa, msichana, Ramonita, ambaye leo ana miaka ishirini na minne na ndiye aliyepanga maua haya.

Siku arobaini baadaye Doña Eufemia alikuja dukani akanunua kopo dogo la kijani cha kasuku, rangi ya mafuta ya milango. Nikampigia dada simu kumtahadharisha. Nilifika kwake nao wamekwisha kuketi. San Ramón alikuwa mezani, na joho lake jekundu la miaka zaidi ya mia.

"Efraín amekuuzia hii?" marehemu aliuliza.

"Ameniuzia na brashi."

"Brashi hii mbaya, inatoa nywele. Ngoja nikupe yangu." Akambana San Ramón kichwa kwa kidole gumba ili asitikisike. "Anzia mgongoni, Doña. Mbele tutamalizia pamoja."

Kijani kilifunika nyekundu yote. Doña Eufemia alipomaliza alimbusu San Ramón kisogoni, palipokuwa bado pakavu, na hakuwa amembusu tangu aliporudi kutoka New York. Marehemu alimwomba amchukue sasa nyumbani.

"Mwache hapahapa," Doña Eufemia akasema. "Kwangu kuna mchwa." Kisha akaongeza, "Atakuwa wetu wawili. Lakini buluu asipakwe na mtu. Buluu ilikwisha."

Baadaye nilimuuliza dada kama lile joho jekundu halikumuuma. "Limeniuma sana," akasema, "na nina furaha, kwa hiyo usinisumbue." Tangu hapo San Ramón amekuwa akiazimwa na kila mjamzito anayemtaka, kutoka hapa mpaka Jayuya. Amepakwa mikono kumi na minne, kila mmoja una kadi yake, na nani hajui kwamba rangi zote zimetoka dukani kwangu? Kama dada aliwahi kumwomba San Ramón kitu kwa ajili yake mwenyewe, mimi sijui. Sikumuuliza, na sasa najuta kidogo.

Don Gumersindo alitutoka mwaka 2001. Mwaka 2011 figo za marehemu zilianza kushindwa, na kwa miaka miwili na nusu alipelekwa Arecibo mara tatu kwa wiki kusafishwa damu. Wauguzi walimpenda, ingawa aliwafundisha kukunja mashuka. Mikono ilipoanza kutetemeka hakugusa tena sanamu. Alituachia kazi hiyo mimi na Ramonita, naye akakaa pembeni akitukaripia. Alifariki nyumbani, kati ya watakatifu wake, Jumatatu tarehe 10 Machi 2014, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Ameagiza sanamu zote zibaki Utuado, na kila familia iweze kuja kumwazima mtakatifu wake siku ya sikukuu yake.

Ameacha dada yake, Blasina, mimi mdogo wake na mke wangu Haydée, watoto wetu Nelson na Zoraida na wajukuu wetu watano, wanafunzi wasiohesabika, na Doña Eufemia Collazo.

Maneno yanayofuata hayamo katika karatasi mliyopewa mlangoni, kwa sababu yametokea leo asubuhi. Kabla sijafungua duka, Doña Eufemia, mwenye miaka themanini na minane, alikuwa amesimama kizingitini na Ramonita.

"Nataka kopo dogo," akasema.

"Rangi gani, Doña?"

"Buluu."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Nani amejifungua?"

"Hakuna. Mwalimu amefika salama. Ahadi ni ahadi, fungua hilo duka."

Nikafungua. Nikampa na brashi nzuri, isiyotoa nywele. Kisha nimeandika kadi kama dada alivyotufundisha: mkono wa kumi na tano, buluu, umepakwa na Eufemia Collazo, kwa ajili ya Obdulia.

Apumzike kwa amani dada yangu, pamoja na Tomás. Nanyi mtakapopita kumuaga, tafadhali msimguse San Ramón aliye pale kichwani pake. Bado hajakauka.