Mama Makali, Fundi wa Nyembe za Wazee

Ndugu waombolezaji, majirani na nyote mliofika kumsindikiza mama yetu, familia imenituma mimi mkwewe nisimulie maisha yake, na kwa kuwa mwenyewe hakupenda maneno ya kupakwa rangi, nitayasoma kama alivyoyaishi.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Makali, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tano na binti pekee wa kinyozi aliyenyolea wateja wake kwenye kibaraza cha nyumba. Alianza shule mwaka 1958 na kumaliza darasa la nane, kisha karo iliyobaki ikaenda kwa kaka zake, jambo ambalo hakulinung'unikia, ingawa hadi uzeeni kaka akisoma barua kwa kukwamakwama, alimuuliza taratibu kama ile karo ililiwa na mchwa.

Mwaka 1969 aliajiriwa kufagia hospitalini, baadaye akahamishiwa chumba cha kuoshea na kunolea vifaa vya upasuaji, ambako mzee mmoja mnoaji alimfundisha kushika kinoo, na kazi hiyo aliifanya hadi alipostaafu mwaka 2006.

Baba yake alifariki tarehe 30 Oktoba 1974. Siku ya kugawana mali kaka zake walichukua baiskeli, kitanda, redio na makoti, ukabaki wembe wa kukunja uliogandishwa na kutu, mpini umepasuka, na brashi iliyonyonyoka kama kuku mgonjwa. Kaka mkubwa alimsukumia, akasema, "Chukua hivyo, si wewe ndiye mtu wa vyuma?" wakacheka. Yeye aliuloweka ule wembe kwenye mafuta, akaukwangua kutu kwa subira, akaunga mpini, akaunoa, kisha akampelekea mama yake, ambaye tangu mazishi alikuwa hali wala halii. Yule bibi aliufungua, akaufunga, akaufungua tena, akalia kwa sauti, na alipomaliza kulia akaomba chakula. Baada ya hapo wale kaka waliocheka walianza kuja mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake, kuomba waushike kidogo.

Habari zikaenea, wakaanza kuja watu na nyembe za baba na babu zao, na miongoni mwao dereva mmoja wa lori aliyeleta wembe wa babu yake, akarudi na mkanda wa ngozi wa kunolea, akarudi na bakuli la sabuni, akarudi na kioo, mpaka marehemu akamwuliza, "Kaka yangu, kidevu chako laini kama yai, vyote hivi unanyoa nini?" Naye akajibu kwamba vifaa vimepona vyote, aliyebaki mgonjwa ni mwenye vifaa. Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1977, wakajaliwa watoto watatu, binti ambaye ni mshonaji na ndiye mke wangu, na wadogo zake wawili wa kiume, na waliishi kwa kutaniana hivyo hivyo hadi mzee alipotutoka mwaka 2011.

Alipostaafu, chumba cha pembeni ya nyumba kikawa karakana, chenye meza moja, dirisha moja na harufu ya mafuta na sabuni. Hakutaka kifaa kirudi kuwa kipya. Mtu akilalamika kwamba mpini bado una kishimo cha kidole gumba, alimjibu, "Hicho kishimo ndicho baba yako, nikikisugua nitakurudishia kifaa cha dukani."

Wapo ndugu wawili, wenye maduka yanayotazamana, ambao tangu kumzika baba yao walikuwa hawasalimiani, mkubwa akiwa ameshika wembe, mdogo ameshika kisanduku cha mbao, bakuli na brashi. Wote walileta vifaa vyao kwa marehemu, kila mmoja akimwapisha asimwambie mwenzake. Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, lakini Mama Makali jembe hakulishika, alitengeneza vyote, akavipanga ndani ya kile kisanduku kimoja, akawaita wote wawili Jumamosi asubuhi. Mkubwa alipomwona mdogo wake mlangoni alitaka kugeuka, marehemu akamwambia, "Mimi nimetengeneza kisanduku kimoja, na sikati ubao wa baba wa watu vipande viwili. Ingieni, mnyoane." Mdogo akaketi, mkubwa akampaka povu, akaanza kunyoa, na alipofika kooni mdogo akasema, "Kaka, hapo polepole, nina watoto." Walicheka hadi povu likaruka ukutani, kisha wakalia, na tangu siku hiyo kisanduku kinazunguka kati ya nyumba zao mbili.

Mwaka 2019 mikono yake ilianza kutetemeka. Alijikata, akaficha, kisha akafunga karakana na kuwatangazia wateja kwamba amesafiri, kumbe amekaa ndani na wembe wa mtu mapajani, hawezi kuugusa. Binti yake alimkuta hivyo, akavuta kigoda, akasema, "Mama, nifundishe." Akajibiwa, "Wewe mtu wa vitambaa?" Naye akasema, "Mkasi nao ni chuma, mama." Marehemu akamkabidhi wembe wa marehemu baba yetu, akisema kama ni kuharibu, aharibu cha nyumbani. Binti aliunoa, ukaguguna kwenye kinoo, ukatoka na pengo. Mama aliuinua ule wembe kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Baba yako naye alikuwa na pengo, na nilimpenda. Endelea." Tangu hapo alikaa amefumba macho akisikiliza chuma kikipita kwenye mkanda, akielekeza kwa mdomo, inua, laza, sasa ndiyo.

Mwezi Aprili mwaka 2024 alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa, akapata nafuu, akazidiwa tena, na alfajiri ya tarehe 17 Mei alifariki dunia, binti yake akiwa ameshika mkono wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa zamani waliokuja kumwimbia wodini, na majirani waliopika, kufua na kukesha nasi. Kwenye rafu ya karakana bado kuna vifaa vyenu, vingine vimekamilika, vingine vinasubiri, nasi tunawaarifu kwamba mlango utafunguliwa Jumatatu, na mkijibiwa na binti yake kwa ulimi mkali, msikasirike, huo nao ni urithi.

Mama yetu, umelea, umetengeneza, umepatanisha. Pumzika sasa, mama, kwa amani yote uliyotuachia.