Fundi Aliyerudi Mezani

Ndugu waombolezaji, marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa pili wa mama mshonaji na baba mlinzi wa ghala. Mimi ni dada yake, kitinda mimba wa nyumba hiyo. Wakubwa wamenipa kazi ya kusoma kwa sababu, wanasema, ndimi niliyejaliwa mdomo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1961. Akiwa darasa la tano alianguka ngazini akikimbilia mpira, meno mawili ya mbele yakabaki pale pale. Wenzake wakamwita Kibogoyo, naye akajifunza kucheka ameziba mdomo kwa kiganja. Miaka minne baadaye fundi wa hospitali alimtengenezea meno ya bandia. Aliporudi nyumbani alichekea hata mambo yasiyochekesha, mpaka mama akamwambia, "Basi baba, tumeyaona."

Mwaka 1974 alihitimu mafunzo ya ufundi huo huo, akaajiriwa katika karakana ya meno ya hospitali hiyo hiyo, chumba chenye harufu ya nta na vumbi la plasta, akadumu humo hadi kustaafu mwaka 2013. Seti yake ya kwanza ya meno aliinyoosha kama vigae. Mjukuu wa mteja akauliza mbele ya wageni, "Babu, hayo meno ya nani?" Tangu hapo, kwenye kila seti alipinda jino moja kidogo kwa makusudi, jirani asigundue. Wala hakumtaja mteja hata mmoja. Alikuwa akisema kinywa cha mtu ni chumba chake cha kulala.

Tarehe 6 Agosti 1979 alifunga ndoa na wifi yetu, mwalimu wa hesabu. Tuliambiwa walikutana hospitalini, basi. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka juzi fizi yake ya chini ilivimba, kikafuata kidonda kisichopona. Yeye aliyewahimiza wengine kuwahi kwa daktari akawa anasukutua maji ya chumvi miezi mitano. Mganga hajigangi. Ilikuwa saratani. Alipasuliwa, akaondolewa meno ya chini na kipande cha taya, na meno ya bandia hayakuweza kukaa pale. Akaanza kula peke yake chumbani, mlango umefungwa. Jamani, ilituuma. Tulimbembeleza, daktari akambembeleza. Alitikisa kichwa tu, huku akizidi kukonda.

Jumapili moja wifi alimwita, watoto wote wakiwa mezani. Akatoa mdomoni meno yake ya juu, yote, akayaweka kwenye kisosi. Watoto hawakuwa wakijua. Hata mimi, ninayeingia na kutoka nyumba ile miaka yote, sikujua.

"Ulinitengenezea kabla hujanioa," akamwambia. "Ukaniona nilivyo, ukaleta posa hivyo hivyo. Leo unamficha nani? Kaa ule, baba watoto."

Kaka alikitazama kile kisosi, mabega yakaanza kutikisika. Alicheka huku machozi yakimtoka, akavuta kiti. Hakula tena chumbani hadi alipotuaga asubuhi ya tarehe 2 mwezi huu, nyumbani, mkewe amemshika mkono. Haya nimeyasoma kwa agizo la wifi mwenyewe.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada yetu mkubwa, mimi, na vinywa vingi, vingine vimeketi hapa mbele yangu. Msiinamishe vichwa, siri zenu ameondoka nazo. Pumzika kwa amani, kaka. Umetuketisha wengi mezani.