Mwalimu Michel Anaondoka, Fonti Haijaingia

Mheshimiwa Chifu wa Wamaza, Bwana Prefe, mkuu wa shule yetu, walimu, wazazi, na wewe Mwalimu Michel tunayekuaga leo baada ya utumishi wako: hamjambo.

Mimi Falonne, mwanafunzi wake, nimeombwa nimsifu mwalimu. Nitamsifuje bila kutaja kitabu ambacho hakipo? Kwa miaka mingi alikusanya hadithi za Kibangubangu akazipiga kwenye kompyuta ya shule. Lakini kompyuta hiyo haina fonti, yaani faili la maumbo ya herufi, yenye herufi zetu zote, na karatasi ilitoka imejaa visanduku vitupu. Mama Olga, mzee aliyemsimulia hadithi hizo, aliitazama akasema: "Michel, maneno yangu umeyafungia mu visanduku. Nani atayafungua?" Tulicheka. Alifariki wakati wa mvua, na visanduku bado vipo.

Mwalimu aliagiza fonti kwa Amuri, mwenye kibanda cha kompyuta Kasongo. Mnajua desturi yetu: kila mzigo wa pikipiki huandikwa jina la mpokeaji. Amuri, kwa uaminifu wake, akayaita mafaili yote ya kwenye kadi ya kumbukumbu aliyoituma kwa pikipiki "Michel Wamaza", moja, mbili, tatu, akafuta hata zile herufi za mwisho zinazotambulisha aina ya faili. Mwalimu akabaki kubahatisha. Faili la kwanza alipolirudishia herufi za mwisho za fonti, kompyuta ilikataa, kwa sababu haitosheki na jina la nje. Hufungua faili na kukagua alama za mwanzo ndani yake. Lilikuwa picha ya harusi. Ukiandika "mchele" juu ya gunia la mahindi, utapika wali? La pili lilikuwa wimbo wa kwaya. La tatu lilikuwa fonti kweli, alama zake za mwanzo zilikuwa sawa, lakini lilikatika katikati wakati wa kunakiliwa. Nalo likakataliwa.

Asubuhi hii nilimkuta akiifunika kompyuta kwa kitambaa. "Falonne, mwanangu, acha tu," aliniambia. "Wazee wanaisha, na hii mashini haitaki. Mimi nimechoka."

Lakini, mwalimu, kesho pikipiki inakupeleka Kasongo. Kabla hujafika nyumbani, pita kwa Amuri. Kama fonti bado anayo, mwombe ainakili upya mpaka mwisho. Jina la faili asiliguse. Langu aliandike juu ya bahasha. Nitaipokea mimi.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio. Safari njema, mwalimu.