Usiiulize Seva Habari za Nyumbani

Zimeni simu zenu, wanangu, muziweke pale juu ya kabati, kisha msogee karibu na kitanda, maana leo siwezi kupaza sauti, na nikishamaliza sina nguvu ya kurudia. Nina hasira. Msiniambie nipumzike, daktari ameshaniambia moyo wangu umefika wapi na nimemwelewa, kwa hiyo muda wa kubembelezana umepita.

Wewe mkubwa wangu ndiwe uliyeleta ile seva ukaifunga kwenye kabati la korido, ukasema picha zote za studio ya marehemu baba yenu zihifadhiwe humo zisije zikaozea kwenye maboksi, nikafurahi, nikakuombea dua. Kisha ukaiwekea akili mnemba, ili ukiwa huko kwako ng'ambo uiulize ndani ya mashine kunaendelea nini, shughuli ipi inakwenda, ipi imekwama, nayo ikujibu kwa maneno kama mtu. Hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni maneno uliyoifundisha. Katika maneno yote ya dunia hii ukachagua kuiamsha kwa "Habari za nyumbani?" Ukaona ni kichekesho. Ukamfundisha na mdogo wako wa kati, naye akawa kila asubuhi anaandika habari za nyumbani, anajibiwa salama, picha zinanakiliwa, diski haina joto, basi anakwenda zake kazini roho imetulia.

Na simu za kunijulia hali zikakoma. Mnabisha? Diski ilipopata joto ulinipigia mpaka nikachoka kupokea: mama fungua dirisha, mama sogeza feni, mama iguse ubavuni uniambie. Siku hiyohiyo mimi nilikuwa na homa, meno yanagongana, nikaisogezea mashine feni yangu mwenyewe, na hakuna aliyeniuliza mbona sauti inatetemeka. Loo, nilizaa mafundi!

Ikaja siku niliyoanguka jikoni. Nyonga imevunjika, sufuria inaungua, dada yenu yuko kiwandani, simu yangu iko chumbani, na mimi nimelala sakafuni nakiona kile kijitaa cha kijani cha seva kule kwenye korido kinapepesa. Nikakililia, naam, nililia na taa, nikasema mwambie, si unaongea naye kila siku, mwambie! Nawe saa hizohizo ukauliza habari za nyumbani. Ikakujibu shughuli zote zinakwenda vizuri, hakuna iliyokwama. Ukaandika kwenye kundi la familia, "Nyumbani salama," ukaweka na kidole gumba. Mashine haikudanganya, iliulizwa habari ikatoa zake. Wewe ndiwe uliyesahau nyumbani ni nani. Dada yenu aliporudi jioni ndiye aliyezima jiko.

Na jana bado ukathubutu, hapo nje ya dirisha langu, kumwambia mdogo wako kwamba huyu dada anakaa bure kwenye nyumba ya mama. Bure! Anayeniogesha, anayenigeuza, anayenibeba hadi chooni na mgongo wake wenyewe mbovu, eti anakaa bure! Koma. Koma kabisa. Nyumba hii ni yake, kuanzia sebuleni hadi uani, hati iko kwa wakili na jina lake limeshaandikwa, na atakayekwenda mahakamani aende akijua nilimtazama usoni nikamkataza. Cherehani yangu, huyu wa kati ampelekee mkewe. Seva ni yako, mkubwa. Wagawie wenzako nakala za picha za baba yao, kisha ifungue, uipakie kwenye begi lako uondoke nayo. Sitaki ibaki humu na mwanangu, maana nikishazikwa atakuwa peke yake, nanyi mtaiuliza mashine, itawaambia salama, na yeye atashinda humu ndani hajasemeshwa na mtu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, wala si kufa.

Mtampigia. Kwa sauti zenu. Na akisema "nzuri" msikate, ulizeni tena, maana huyu tangu utotoni husema nzuri huku machozi yanamtoka.

Nipe maji... Basi, inatosha. Niinue kidogo. Si upande huo, mwanangu, huo unauma.

Radhi zangu mnazo, nyote, hata nikiwa nimefura hivi. Nimewaradhia. Mungu awape watoto watakaowauliza nyinyi wenyewe hali zenu... akina mama msinililie mlangoni, waambie... nani hao? Hakuna mtu? Haya.

Mkubwa... acha kulia, utalia baadaye. Geuka. Dada yako yuko hapo nyuma yako ameshika beseni, tangu ufike hujamsemesha. Muulize hali yake. Sasa hivi... mimi nikiwa bado nasikia.