Philbert Kikoti na Simu ya Saa Kumi na Mbili Asubuhi

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia ninasoma maisha ya Philbert Silvester Kikoti, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa Kilolo, mkoani Iringa, mtoto wa pili wa marehemu mzee Silvester na mama Faustina, wakulima wa viazi, katika nyumba hii tuliyoketi mbele yake.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1987 hadi 1993, akaendelea na sekondari mjini Iringa hadi mwaka 2000, akahitimu shahada ya sayansi ya kompyuta jijini Dar es Salaam mwaka 2004, akaajiriwa na kampuni ya simu, akapanda hadi kuwa meneja wa ubunifu, na mwaka 2012 akaacha kazi, akapanga chumba juu ya duka la mzee Premji, Mwanjelwa, jijini Mbeya, akaanzisha kampuni ya Mawimbi ya Shamba, aliyoiongoza hadi mwisho.

Tarehe 22 Septemba 2007 alifunga ndoa na Lea, katika usharika wa Kilutheri mjini Iringa, wakajaliwa watoto wawili, Blessing, 2009, na Tadeo, 2013.

Kampuni iliwapigia wakulima simu kila siku saa kumi na mbili asubuhi, sauti iliyorekodiwa ikawaeleza habari za mvua na magonjwa ya viazi, lakini msimu wa kwanza wengi waliikosa taarifa, na mama yake mwenyewe akapoteza shamba zima, kwa sababu kila aliyepokea alianza kusalimia kama inavyotupasa, kamwene, habari za nyumbani, watoto hawajambo, na alipomaliza, sauti ilikuwa imekwisha kusema na kukata. Mama alimwambia, "Mwanangu, huyo mtu wako hana adabu, anaingia kwa watu hata hodi hapigi."

Philbert alirudi Mwanjelwa, akarekodi salamu kwa sauti yake mwenyewe, akisema kamwene, akinyamaza mtu aitikie, akiuliza habari za nyumbani, akinyamaza tena, ndipo taarifa ya siku ifuate, na wahandisi wake walipocheka, wakihesabu sekunde zinazopotea, aliwauliza, "Mnamcheka nani, mama yangu?" Kufikia mwaka 2022, ofisi ikiwa imehamia mtaa wa Soweto, huko huko Mbeya, simu hiyo iliwafikia wakulima elfu arobaini wa Iringa na Mbeya.

Alianza kuugua figo Novemba 2023, akatibiwa Mbeya na Dar es Salaam, akafariki dunia Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa tisa alasiri.

Jumatano asubuhi simu ya mama ililia kama kawaida, akapokea, akaitikia salamu zote. Kampuni imeiuliza familia kama sauti hiyo iondolewe, Lea akasema hawezi kuisikia tena, mama akasema hawezi kuikosa, tukazungumza siku mbili, hadi jana mama alipomshika mkwewe mkono, akasema, "Haya, mwanangu, mpumzisheni, ila pale pa kuitikia pasiguswe." Ndivyo ilivyoamuliwa: baada ya simu ya kesho sauti yake itaondolewa, ila nafasi ya kuitikia itabaki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba na kupika, mzee Premji, na wafanyakazi wote wa Mawimbi ya Shamba.

Philbert, kesho saa kumi na mbili utatusalimia kwa mara ya mwisho, nasi tutaitikia. Pumzika kwa amani.