Mama Kijiko Anaondoka Mezani

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, anastaafu muuguzi mkuu wa wodi ya maradhi ya ulaji, ambaye hospitali nzima inamjua kwa jina la Mama Kijiko. Uongozi umemwandalia cheti chenye fremu ya kioo, kwa kuwa hakuna anachokikosa mtu wa miaka sitini kama kioo kingine cha kufuta vumbi.

Alianza kazi wakati wataalamu wetu walipokuwa na maelezo kamili ya ugonjwa huu: maringo. Msichana aliyeacha kula aliambiwa ale, na akishindwa aliambiwa ana kiburi. Mvulana hakuambiwa kitu, maana ilishaamuliwa kwamba wavulana hawaugui. Mama Kijiko alikuwa na tabia mbaya ya kuwasikiliza wagonjwa. Akajua kwamba mmoja alianza baada ya kocha kumwambia ana mwili mzito, mwingine baada ya msiba, na mwingine alikuwa wa kwanza darasani asiyejua kuishi akiwa wa pili. Yupo ambaye mama yake na bibi yake walipitia hayohayo kimyakimya. Karibu wote walianza kwa kujinyima kidogo tu, na walipongezwa.

Dawa yake ilikuwa meza. Daktari alipima moyo na damu, mwanasaikolojia alizungumza nao, lakini milo yote na vitafunio vya katikati Mama Kijiko aliketi nao, akala walichokula wao, ikiwamo kabichi ya jikoni kwetu, ambayo peke yake inamstahilisha nishani. Mezani pake ilikuwa marufuku kuzungumzia miili. Badala yake alisimulia habari za jirani yake, anayepaka nyumba rangi ukuta mmoja kila mwaka. Mizani nayo aliigeuza, mgonjwa akawa anapanda akizipa namba mgongo. Mkaguzi mmoja aliuliza kwa nini muuguzi anakula chakula cha wagonjwa, akaelekeza asimame pembeni awatazame. Mama Kijiko akasimama. Wagonjwa wote nao wakasimama, na mkaguzi akaenda kukagua idara nyingine.

Uongozi, ambao haujawahi kupungukiwa na mawazo, ukaanzisha shindano la wafanyakazi la kupunguza mwili. Bango lilibandikwa mahali panapofaa kabisa, mlangoni mwa wodi yetu. Zawadi ya kwanza, naomba mnisamehe, ilikuwa mlo wa watu wawili hotelini.

Mshindi alikuwa muuguzi kijana wa wodi hiyohiyo, na muuguzi huyo ni mimi. Mkurugenzi alinipa mkono, akasema ni mfano wa kuigwa, ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mlo wa hotelini nikampa mlinzi na mkewe. Kila Alhamisi nilikuwa nawafundisha wazazi dalili za ugonjwa huu, kwa ufasaha mkubwa, nikiwa nazo zote.

Mama Kijiko hakupiga makofi. Alinifuata chumba cha kubadilishia nguo, akaiona sare niliyoibana kwa pini mgongoni, akasema, "Mwanangu, leo utakula na mimi." Nilimjia juu. Nikamwambia mimi ni muuguzi, naujua ugonjwa. "Unaujua sana," akasema. "Twende kwa daktari." Daktari aliusikiliza moyo wangu kwa muda mrefu, akasema ungeweza kusimama wakati wowote. Kazini sikurudi siku ile.

Nililazwa katika wodi yangu mwenyewe. Wagonjwa niliokuwa nikiwahimiza jana yake walinisogezea kiti, wengine kwa furaha iliyopita kiasi. Nilimchukia Mama Kijiko kwa miezi. Nilipolia mbele ya sahani, alikaa tu, chakula chake kikapoa pamoja na changu. Alimwita shangazi yangu, bingwa wa kunipima kwa macho kila nikiingia sebuleni, akamwomba kwa heshima zote atafute mazungumzo mengine. Tangu hapo shangazi ni mtaalamu wa mvua. Nilitoka, nikaanguka tena, nikarudi, na hakuna aliyenisema. Nampenda kuliko inavyofaa kuandikwa katika jarida linalohaririwa na ofisi ya mkurugenzi. Bango alilichana mwenyewe mchana kweupe, na ripoti ya mwaka ikaeleza kwamba shindano lilihitimishwa kwa mafanikio makubwa.

Kwa niaba ya wenzangu, asante, mama. Nenda ukale kwako, saa unayotaka, chakula unachokipenda, bila kumvizia mtu kwa jicho la pembeni. Tunakuombea miaka mingi yenye afya na usingizi mnono.

Kuanzia Jumatatu kiti chako nitakikalia mimi. Uongozi umeniuliza kama nimepona kabisa. Zipo siku mkono bado unakuwa mzito. Siku hizo nitauinua hivyohivyo, kwa sababu ng'ambo ya meza atakuwapo mtu anayesubiri kuona kama inawezekana.